Tumekuja Kuhesabiwa

Desemba ikikaribia, Watanzania wana utani wao mmoja kuhusu sisi wa Kilimanjaro: "Wanakwenda kuhesabiwa." Mabasi ya stendi ya Mbezi yanajaa, nauli inazua ugomvi, barabara ya kutoka Chalinze hadi Himo inageuka mkia wa magari, na Kariakoo mteja akikuta duka limefungwa anaambiwa mangi kaenda kwao. Utani huu haujawahi kuniudhi, kwa sababu kwetu ulikuwa kweli tupu. Shangazi yangu alikuwa akituhesabu.

Asubuhi ya tarehe 26 alitoka chumbani mwake huko Kibosho, khanga kiunoni, akahesabu watoto waliolala kwenye mikeka sebuleni, wageni walioshindwa kurudi kwao, na kuku walionusurika. Halafu alikaa kwenye kigoda kando ya karai, akaanza kuhesabu vikombe. Hapo nyumba nzima ilinyamaza.

Vilikuwa vikombe vya bati, vyeupe, vyenye ukingo wa buluu. Vingine vyake, vingine vya kuazima kwa majirani, na kila nyumba ilikuwa na alama yake chini ya kikombe: tone la rangi ya kucha. Yetu ilikuwa nyekundu. Ya jirani wa juu yetu ilikuwa matone mawili ya waridi. Kipaimara cha kaka yangu kilitumia vikombe 60, na asubuhi vikapatikana 57. Shangazi hakupaza sauti. Alisema tu kwamba chai haitachemshwa. Tukaingia migombani, watoto kumi na kitu, tukipekua chini ya majani makavu, na kabla ya saa nne vyote vitatu vilikuwa vimerudi: kimoja kilikuwa juu ya ukuta wa zizi, kimoja kwenye mfongo, ule mfereji wa maji unaoshuka kutoka msituni na kupita kihamba hadi kihamba (shamba la migomba la kila familia), na cha tatu kilikuwa kifuani mwa mzee mmoja aliyelala nacho chini ya mparachichi.

Wazee wenyewe wala hawakuvihitaji sana vikombe hivyo. Walikuwa na kata. Mbege, kwa asiyeijua, ni pombe ya ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa zichache, kisha zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na kutiwa uchungu kwa gome la msesewe. Jina lenyewe ni la ulezi. Ilinywewa kwa kata moja inayozunguka, mkono hadi mkono, na aliyeishika muda mrefu alikumbushwa kwa kikohozi. Nyama ilikatiwa juu ya jani la mgomba. Muziki ulikuwa ngoma, kwaya, na usiku ukikomaa redio kaseti iliyokula betri sita. Siku ya pili mabaki ya watu 200 yalikuwa yamekwisha: majani kwa ng'ombe, mifupa kwa mbwa, maganda kwenye shimo la mbolea. Sikumbuki mtu kutamka neno mazingira. Nakumbuka vikombe.

Miaka ikapita, nikawa mtu wa mjini, na usiku mmoja wa mwisho wa Desemba nikawa kwenye onyesho la muziki hapo hapo Moshi. Sitalitaja, maana halikuwa na kosa lolote ambalo mengine hayana. Tulicheza mpaka vumbi likapanda magotini. Nilinunua maji mara tatu, na kila chupa nilipoimaliza niliiachia. Sikuitupa hata, kutupa kunahitaji kuinua mkono. Niliiachia tu ianguke miguuni, nikaendelea kucheza juu yake. Na huu ni mji wa Moshi, unaosifika nchi nzima kwa usafi, ambako mchana wa siku ileile nilibeba ganda la ndizi mitaa miwili nikitafuta pipa kwa kuogopa faini. Giza na besi vilitosha kunifanya mtu mwingine.

Saa kumi na mbili asubuhi nilirudi uwanjani kutafuta ufunguo wa nyumba. Nilimkuta mama mmoja wa makamo akiburuta salfeti lililojaa chupa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepoteza nini?"

"Ufunguo."

"Ufunguo sijauona. Chupa nimeziona."

Nikaanza kutembea naye, jicho langu chini kwa ajili ya ufunguo, lake kwa ajili ya kilo. Alichonifundisha kwa nusu saa ile sijawahi kukisoma kwenye bango lolote la usafi. Chupa iliyobaki na maji inampa kazi ya kufungua na kumwaga. Iliyotiwa mchanga au vichungi vya sigara mnunuzi anaikataa, au anakata kilo na kumtazama yeye kama mwizi. Zipo zilizokojolewa, hizo anazijua kwa uvuguvugu, alisema, bila hasira yoyote, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Vifuniko anaweka mfuko wake. Alivyoviruka ni mirija, vikombe vile vyembamba vinavyopasuka ukivishika, na vyombo vyeupe vya povu tunavyobebea chipsi. Hivyo hakuna anayenunua. Vilikuwa vimetapakaa uwanja mzima kama theluji iliyopotea njia ya kwenda Kibo.

Kisha akaniambia neno ambalo nimelibeba mpaka leo. "Zile za soda za kioo hutaziona hapa. Zile zina mwenyewe."

Ni kweli. Sote tumekua tukijua kwamba soda ya chupa ya kioo huondoki nayo dukani mpaka uache chupa nyingine au uweke pesa ya chupa. Kreti ina vyumba 24 na muuzaji anavijua vyote. Hakuna aliyeomba tuipende dunia. Tuliambiwa tu turudishe chupa. Huko Denmark, kwenye tamasha kubwa la Roskilde, mnunuzi wa kinywaji huweka pesa ya chombo na kurudishiwa akikirudisha, na makala huandikwa kusifu busara hiyo. Muuza duka wa Majengo angecheka. Serikali yetu nayo imewahi kuonyesha kwamba inaweza: pombe za viroba zilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, mifuko ya rambo tarehe 1 Juni 2019, na kwa kweli rambo ziliondoka migombani kwa kasi ambayo sikuitarajia. Chupa ya maji ilibaki. Ni bidhaa halali isiyohesabiwa na mtu yeyote ila yule mama.

Ufunguo sikuupata.

Na kile ambacho mama alikiruka, mvua ya kwanza ilikichukua. Maji ya upande wetu hushuka na Mto Karanga na ndugu zake hadi Kikuletwa. Kikuletwa na Ruvu huingia bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo ni Mto Pangani, unaokwenda kumwaga maji Bahari ya Hindi katika mji wa jina hilohilo. Njiani unazungusha mitambo ya umeme: Nyumba ya Mungu megawati 8, Hale 21, Pangani Mpya 68. Umeme huo huingia kwenye gridi ileile iliyowasha taa za jukwaa letu kabla haujakatika na jenereta kuanza kunguruma. Yaani muziki ulitupandia kwa mto huo, nasi tukaujibu kwa mirija.

Njia hiyo nilikuja kuipita mwenyewe, kwa treni. Treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ilirudi Desemba 2019, baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 20, na Februari moja baada ya hapo niliamua kwenda Zanzibar kwenye Sauti za Busara nikiwa na begi dogo, kikombe cha bati chenye tone jekundu, na tiketi ya behewa. Rafiki zangu waliniona nimechanganyikiwa. Uwanja wa KIA uko hapo, ndege inakufikisha Unguja kwa muda wa kumaliza sinema moja. Lakini nilikuwa nimesoma kwamba wanaopima uchafuzi wa matamasha huko Ulaya hukuta sehemu kubwa inatokana na safari za watazamaji wenyewe, kupita taa na spika. Hilo lilinikaa kooni. Mtu anaweza kukataa mrija mlangoni baada ya kuchoma mafuta ya wiki nzima ili aufikie mlango.

Tuliondoka mchana ukielekea jioni. Baada ya Kahe reli inafuata bonde: kushoto milima ya Upare, kulia tambarare ya kijivu, na mbali zaidi, pasipoonekana, bwawa na mto. Mama mmoja wa Same alinipandishia dirishani ndizi za kuchoma kwenye gazeti. Korogwe, pale reli inapokuwa jirani kabisa na Mto Pangani, tulifika usiku. Nilitoa kichwa dirishani nikaona giza tu na nikasikia vyura. Nilifikiri juu ya chupa zangu tatu. Kama zilimponyoka yule mama, zilishapita hapa, tena bila tiketi.

Zanzibar sitaieleza sana, wameieleza wengi. Sauti za Busara imekuwapo tangu 2004, mwezi wa Februari, na jukwaa lake kubwa ni Ngome Kongwe, ndani ya kuta ambazo Waomani walizijenga karne tatu zilizopita. Bi Kidude aliimba humo mara nyingi kabla hajafariki Aprili 2013. Ninachotaka kueleza ni kikombe. Forodhani nilimpa muuza juisi ya miwa, nikijiandaa kujieleza, kutaja taka, kutaja bahari. Hakuniuliza kitu. Alikisuuza, akajaza mpaka ukingoni, akasema, "Haya dada." Urojo nilikula kwenye bakuli nikiwa nimesimama, waliotaka kubeba ndio waliohitaji chombo cha kutupa. Hapo nikagundua kwamba nusu ya taka zetu za sherehe hutokana na haraka ya kuondoka mahali ambapo tumelipa nauli ili tufike. Zanzibar, kwa taarifa, ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka 13 kabla yetu wa Bara.

Usiku huo nilisimama jirani na mgeni mmoja kutoka Ulaya aliyekuwa na mrija wa mwanzi kwenye kifuko cha kushonwa, anautunza kama kalamu ya dhahabu. Alikuwa amepanda ndege mbili kuja. Nilianza kumcheka moyoni, nikaacha. Mwaka 2016 tamasha hili halikufanyika kwa sababu ya kukosa fedha. Bila watu wa ndege mbili wanaonunua tiketi za bei yao, pengine mimi wa treni nisingekuwa na mahali pa kwenda. Na mimi mwenyewe nilirudi Moshi kwa basi, maana siku za treni hazikulingana na siku zangu za likizo. Basi lilikuwa limejaa. Najifariji kwa hilo.

Nikiwa nyumbani nilimsimulia mpwa wangu, ambaye ni mgumu. Hilo ndilo jina la wapagazi wa mlima huku kwetu, na hakuna aliyewaona wakipanda ukuta wa Barranco na mzigo kichwani atakayeuliza sababu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema haoni jipya. Mlimani, alisema, kila kitu kinapimwa. Getini mzigo wa mgumu hupandishwa kwenye mizani usizidi kilo 20. Chupa za maji za kutumia mara moja haziruhusiwi. Mgeni hupanda na chupa yake ya kujaza. Taka nazo zinapimwa kabla hazijashuka, na kundi likionekana limeshusha kidogo kuliko inavyotarajiwa lina maswali ya kujibu. Na muziki? Muziki upo kila siku. Kambini wanaimba na kucheza, "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms wa Kenya imeongezewa majina ya vituo vyote hadi Uhuru, mita 5,895, na wanachopigia ni makofi, ndoo na mapafu. "Hilo ndilo tamasha lenu la mazingira, mama mdogo," alisema. "Ila sisi tunabeba na choo."

Sikuwa na la kujibu. Juu ya vichwa vya waimbaji hao kuna barafu ambayo kati ya 1912 na 2011 ilipoteza asilimia 85 ya eneo lake. Sitadai kwamba chupa zangu ziliiyeyusha. Hata maji ya mifongo yetu yanategemea zaidi msitu na mvua kuliko barafu hiyo, na ndiyo maana moto uliowaka mlimani Oktoba 2020 ulinitia hofu kuliko picha za Kibo lenye upara. Nasema tu kwamba ukiutazama mlima huo kila asubuhi unapofungua dirisha, mizani ya mpwa wangu haionekani tena kama usumbufu wa wenye geti.

Kwa hiyo Desemba iliyopita nilijitosa. Familia ilikutana Kibosho kumkumbuka shangazi, watu 150, turubai, mpiga diski na spika mbili za kutosha kuamsha Umbwe nzima. Nikatangaza: hakuna chupa za plastiki, hakuna vikombe vya kutupa. Maji yatatoka kwenye ndoo zenye bomba, juisi kwenye sufuria, na vikombe tutakodi kwa mwenye vyombo. Muziki utazimwa saa sita, maana kuna majirani na kuna ng'ombe wa majirani. Kaka zangu walikubali upesi kupita kiasi. Ningeshtuka hapo.

Saa nne usiku nilipita nyuma ya nyumba nikakuta wasichana wanne wameinama kwenye karai, mikono imekunjamana kwa maji ya baridi, wanaosha vikombe kwa mzunguko wa tatu, huku wavulana wa rika lao wakiruka mbele ya spika. Binti wa kaka yangu aliinua uso. "Shangazi," aliniambia, "mazingira yako yananiumiza mgongo."

Niliposikia neno hilo, shangazi, niligeuka kumtafuta marehemu. Kisha nikaelewa kwamba nimeitwa mimi. Nikaelewa pia jambo ambalo katika kumbukumbu yangu tamu ya vikombe 60 nilikuwa nimelikwepa: mtu aliviosha. Sherehe zetu hazikuwa safi kwa uchawi. Usafi ule ulisimama juu ya migongo ya akina mama na mabinti ambao hawakucheza, na plastiki ilipokuja waliipokea kama mapumziko, na walikuwa na haki. Anayehubiri kikombe cha kuosha bila kusema nani ataosha anahubiri upuuzi. Nilikuwa mhubiri huyo mpaka saa nne usiku.

Nikaomba kipaza sauti. Mpiga diski akapunguza. Nikasema makarai yanahamishwa mbele, pembeni ya spika: la kwanza sabuni, la pili maji, la tatu maji, na kila mwenye kiu anaosha kikombe alichokinywea kabla ya kujaza tena. Wanaume pia. Meku mmoja, yaani mzee wa Kichagga, alisema hajaja duniani kuosha vyombo mbele za watu. Nikamjibu, kwa heshima zote, kwamba kata ipo, akitaka azunguke nayo na wenzake. Wakacheka, naye akaosha, vibaya, lakini akaosha. Baada ya nyimbo tatu foleni ya karai ikawa sehemu ya kucheza. Kuna vijana walirudi kuosha kikombe kisichokuwa kichafu.

Asubuhi nilikaa kwenye kigoda kilekile. Vikombe 148. Viwili tulivipekua migombani mpaka jua likawa kali, hatukuviona, tukamlipa mwenye vyombo. Chupa za plastiki niliokota 11, zilizoingia mifukoni mwa wageni. Nilizimwaga maji, nikazitenga na vifuniko vyake, na Jumatatu nikazishusha mjini kwa anayenunua kwa kilo.

Basi, Desemba hii ukija kuhesabiwa, njoo na kikombe chako, umekitia alama chini. Karai nitalitoa mimi. Kuosha, utaosha mwenyewe.